Muuguzi Anayesema Lugha ya Mzazi Afanya Kazi Mbili, Alipwa Moja



Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumzia mshahara, mikataba, saa za ziada na viatu vya kazi. Leo twaomba nafasi katika ukurasa huu tuzungumzie mtoto mgonjwa. Wengine watasema hilo ni jambo la nyumbani, si la sendika. Sisi twasema ni la sendika tena sana. Mfanyakazi aliyeacha mtoto mwenye homa nyumbani, mikono yake iko kwenye mashine lakini roho yake iko Kinama, na mtu wa namna hiyo ndiye anayekatwa kidole. Na siku anapopewa ruhusa ampeleke mtoto kituo cha afya, anayempokea pale mara nyingi si daktari, ni muuguzi. Muuguzi naye ni mfanyakazi: analipwa mwisho wa mwezi, ana msimamizi juu yake, ana watoto wake nyumbani. Basi habari yetu ni ya wafanyakazi wawili wanaokutana juu ya mtoto mmoja, na yale yanayotokea wasipoelewana kwa lugha.

Tunaambiwa mara nyingi kwamba Burundi haina shida ya lugha. Jirani zetu wa Kongo na Tanzania wana lugha zaidi ya mia kila mmoja, sisi tuna Kirundi kimoja, kutoka Kirundo mpaka Nyanza-Lac. Hayo ni kweli, lakini ni kweli ya barabarani. Ukiingia mlango wa hospitali mambo hubadilika. Muuguzi amesomeshwa kwa Kifaransa, daktari anamwagiza kwa Kifaransa, fishi ya mtoto inaandikwa kwa Kifaransa, na boksi la dawa limeandikwa Kifaransa au Kiingereza. Mchuma chai wa Teza au mkata miwa wa Moso, ambaye Kirundi chake ni safi kuliko cha mkurugenzi, anatoka pale na karatasi asiyoweza kuisoma. Sisi tulioishia darasa la sita twajua karatasi ile ilivyo nzito mkononi.

Hapa Bujumbura kuna ukuta wa pili. Buyenzi watu wanazaliwa na kuzikwa kwa Kiswahili. Kambi ya Mtabila kule Tanzania ilipofungwa mwishoni mwa 2012, Warundi zaidi ya 30,000 walirudishwa, na wengi walirudi na Kiswahili mdomoni. Mwezi wa Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka mto Rusizi wakaingia Cibitoke, wengine wakilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Na mama wa Kifuliiru au wa Kibembe aliyevuka na mtoto anayehara hana lugha nyingine ya kumwambia mgeni isipokuwa Kiswahili. Lakini muuguzi aliyetumwa pale pengine ametoka Ngozi au Muramvya, na Kiswahili chake ni kile cha kununua samaki. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili, lugha ya soko la Ruvumera na ya mazungumzo mengi viwandani mwetu, hakikuwekwa pamoja nazo.

Tena tuseme wazi jambo ambalo watu hulisema pembeni. Kwa miaka mingi katika nchi hii kumwita mtu Mswahili ilikuwa karibu sawa na kumwita mjanja, mtu wa kuchungwa. Mama aliyekulia na maneno hayo, akifika mbele ya koti jeupe, anaficha lugha yake. Anaulizwa kwa Kirundi cha haraka, anajibu "ego". Anaulizwa tena, "ego". Anaelezwa dawa, "ego, muganga". Anaondoka. Muuguzi anafikiri ameeleza, mama anafikiri atauliza jirani, na mtoto mgongoni hana la kusema.

SAA NANE NI SAA NGAPI?

Mtu asije akadhani tunazungumza habari za heshima tu. Hapa kuna hatari ya kweli, nayo iko katika mambo madogo kama saa, kijiko na chupa.

Chukueni dawa ya malaria inayotolewa kwa watoto katika nchi nyingi za Afrika, vile vidonge vya artemeta na lumefantrine. Mtoto mdogo, wa kilo 5 hadi chini ya 15, anapewa kidonge kimoja kila mara, mara 2 kwa siku, siku 3. Jumla vidonge 6. Cha pili hutolewa baada ya muda wa saa 8 tangu cha kwanza. Basi sikilizeni. Mwenye kuandika kwa Kifaransa anaandika tarakimu 8 na herufi h. Kwake yeye alama hiyo yaweza kuwa saa mbili asubuhi, au yaweza kuwa muda wa saa nane. Lakini Kiswahili na Kirundi huhesabu saa tangu jua kuchomoza, na baba anayejua kusoma tarakimu akiona 8 anasema "saa nane". Saa nane ya mchana, au saa nane ya usiku? Mtoto aliyemeza kidonge cha kwanza saa mbili asubuhi alipaswa kumeza cha pili saa kumi alasiri. Baba mmoja atampa mapema, mwingine atamwamsha usiku wa manane, na wa tatu atangoja saa nane ya kesho. Wote watatu wamefuata karatasi.

Njoo kwenye kijiko. Kifaransa kinakiita kijiko kidogo "kijiko cha kahawa", Kiswahili kinakiita "kijiko cha chai". Ni kijiko kile kile cha mililita 5. Lakini nyumbani kwa mfanyakazi kijiko ni kimoja, kile cha kulia wali, na hicho chaweza kuchukua mara mbili au mara tatu ya kile. Muuguzi aliyesema "kijiko kimoja" na kunyamaza hakusema kitu.

Na chupa. Mtoto akihara, dawa ya kwanza ni maji ya chumvi na sukari. Pakiti ya kawaida inayopendekezwa na Shirika la Afya la Dunia hukorogwa katika lita 1 ya maji safi. Mama ataipima lita hiyo kwa nini? Katika nyumba zetu chombo kilichopo ni chupa ya Primus, na kila mmoja wetu aijua vizuri (wengine wetu vizuri kupita kiasi). Chupa ile kubwa ni sentilita 72, haifiki lita. Mama akimimina pakiti nzima humo, maji yanakuwa na chumvi nyingi kuliko inavyotakiwa, na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto aliyekauka badala ya kumsaidia. Akitumia chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, dawa inakuwa nyepesi. Muuguzi anayejua nyumba za watu hasemi "lita". Anachukua chupa, anaonyesha kwa kidole: jaza hii, halafu ongeza mpaka hapa. Hiyo nayo ni kutafsiri. Anatafsiri kutoka lugha ya vitabu kwenda lugha ya jikoni.

Kuna maneno ambayo ndani yake mna uhai wa mtoto. Waswahili husema "degedege". Mtoto anakakamaa, macho yanageuka juu, mikono inatikisika. Wachunguzi waliofanya kazi Ifakara na Bagamoyo, Tanzania, katika miaka ya 1990 walikuta kwamba wazazi wengi hawakuhesabu degedege kuwa malaria. Walisema ni jambo la shetani au la ndege wa usiku, wakaenda kwanza kwa mganga wa kienyeji, na wengine waliogopa kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Sasa mama wa Buyenzi au wa Uvira anafika na kusema neno hilo. Muuguzi asiyelijua anaandika "homa". Muuguzi anayelijua lakini analidharau anacheka, au anakaripia habari za ushirikina, na mama anafunga mdomo palepale. Muuguzi wa kweli anauliza: Degedege ilianza lini, mama? Mikono ilikuwa inafanya nini? Ilidumu muda gani? Imerudi? Kisha anaandika katika fishi jina ambalo daktari analijua, na mtoto anavushwa foleni, kwa maana mtukutiko wa mwili ni moja ya dalili nne za hatari ambazo wauguzi wa watoto hufundishwa kuuliza kabla ya lolote. Nyingine ni mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, mtoto anayetapika kila kitu, na mtoto aliyelegea sana au kupoteza fahamu. Hata neno "amelegea" lina mtego: mwenye haraka ataandika "amechoka", na mtoto aliyechoka anangoja zamu yake kwenye benchi.

Mafundisho hayo si siri. Shirika la Afya la Dunia pamoja na UNICEF waliyatoa katikati ya miaka ya 1990, na kwa Kifaransa wauguzi wetu huyaita PCIME. Ndani yake mna somo la kuzungumza na mama: umuulize na kumsikiliza, umsifu kwa alilofanya vizuri, umshauri, halafu uhakikishe ameelewa. Hilo la mwisho ndilo linalotupendeza sisi wafanyakazi. Muuguzi anafundishwa asiulize "Umeelewa?", kwa maana jibu la swali hilo ni "ego" siku zote. Aulize "Ukifika nyumbani utampa vidonge vingapi? Utampa lini?" Na kidonge cha kwanza mama akitoe mwenyewe palepale, mbele ya muuguzi. Msimamizi wa kiwanda anayemfundisha kijana mashine mpya kwa kuuliza "umeelewa?" angejifunza mengi katika wodi ya watoto.

BABA HAKUKATAA

Tutoe mfano mmoja tulioufuatilia sisi wenyewe, bila kutaja hospitali wala mtu. Mwenzetu mmoja, mpakia mizigo, Mkongo wa asili, alimlaza mtoto wake wa miaka mitatu mwenye homa na shingo ngumu. Daktari alitaka kuchukua maji ya uti wa mgongo yapimwe, ajue kama ni homa ya uti wa mgongo. Baba alielezwa kwa Kifaransa kidogo na Kirundi kingi, akaona sindano, akashika mkono wa mtoto, akasema hapana. Kwenye fishi ikaandikwa kwamba wazazi wamekataa. Sentensi moja. Kuanzia pale kila aliyeshika fishi ile alimtazama baba kama mtu asiyempenda mtoto wake.

Zamu ilipobadilika aliingia muuguzi mwanamke aliyekulia Bwiza. Aliisoma ile sentensi, akavuta kiti, akamwambia kwa Kiswahili: "Baba, nieleze unachoogopa." Hakuanza kueleza, alianza kuuliza. Baba akasema kwamba kwao aliona watoto wawili waliochomwa sindano ya mgongo, na wote walikufa. Muuguzi hakubisha. Akasema: "Inawezekana uliona hivyo. Mara nyingi watoto wanaochukuliwa maji hayo ni wale ambao ugonjwa umekwisha kuwa mkali. Wanaokufa wanakufa kwa ugonjwa, wala si kwa sindano. Sindano inaingia chini, hapa, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kupita. Maji hayo yatatuambia ni dawa gani ya kumpa." Akamshika kiunoni yeye baba mwenyewe kumwonyesha mahali. Ilichukua dakika kama kumi na tano. Baba akakubali. Kisha muuguzi yule akafanya jambo ambalo kwetu ni kubwa zaidi: akamwendea daktari, mtu mwenye cheo juu yake, akamwambia, "Baba hakukataa. Hakuelewa." Na akaomba sentensi ile katika fishi irekebishwe.

Ndugu zetu, huko ndiko kumtetea mtu. Delege anayesimama mbele ya meneja na kusema "huyu hakuiba, hakuelezwa utaratibu" anafanya kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba delege ana sheria inayomlinda. Muuguzi yule alikuwa na nini? Wakati anazungumza na baba, wagonjwa wengine walikuwa wakimwita, na mkuu wa zamu alimwuliza mbona sindano za saa nne zimechelewa. Dakika kumi na tano zile hazina mahali pa kuandikwa. Katika daftari kuna nafasi ya sindano, ya maji ya mshipa, ya joto la mwili. Kuzungumza na baba hakuna safu yake. Tangu 2010 nchi yetu inalipa vituo vya afya nyongeza kulingana na kazi iliyohesabiwa, na mfumo huo umeleta faida zake. Lakini kisichohesabiwa hakilipwi, na hakuna aliyewahi kuhesabu maneno.

Asipokuwapo muuguzi wa namna ile, nani hutafsiri? Mfagiaji. Mlinzi wa mlangoni. Mama wa kitanda cha jirani, ambaye kwa njia hiyo anapata siri zote za nyumba ya mtu. Au, mbaya kuliko yote, dada wa mgonjwa mwenye miaka kumi, aliyekuja kubeba kapu la chakula. Mtoto huyo ndiye anayeambiwa na watu wazima amweleze mama yake kwamba mdogo wake huenda asipone. Atafanyaje? Atasema nusu. Au atanyamaza.

Wako waliolipima jambo hili kwa hesabu. Mwaka 2003 jarida la madaktari wa watoto la Marekani lilichapisha uchunguzi uliofanywa Massachusetts kwa wazazi waliosema Kihispania. Walirekodi mazungumzo 13 tu ya wazazi na madaktari, wakahesabu makosa ya ukalimani 396, yaani kama 31 kwa kila mazungumzo. Asilimia 63 ya makosa hayo yangeweza kumdhuru mtoto. Mama mmoja mwenye mtoto wa sikio aliambiwa na mkalimani aitie dawa ya kunywa ndani ya masikio. Miongoni mwa wakalimani waliookotwa hapo hapo alikuwamo ndugu wa mgonjwa mwenye miaka 11. Na yafaa tuseme lote, hata lile lisilotupendeza: walikuwamo pia wauguzi. Kujua lugha mbili si sawa na kujua kutafsiri, kama vile kuwa na mikono miwili kusivyomfanya mtu fundi seremala. Makosa ya hatari yalikuwa machache kwa wakalimani wa kazi, lakini hata wao hawakukosa. Kwa hiyo anayesema "Fulani anajua Kiswahili, mwiteni" hajamaliza kazi. Fulani anahitaji kufundishwa, kama anavyofundishwa kuchoma sindano.

Kuna jambo la fedha pia. Wenye umri wetu twakumbuka miaka ambayo mgonjwa aliyepona hakuruhusiwa kwenda nyumbani mpaka alipe. Ripoti ya Septemba 2006 ya Human Rights Watch pamoja na APRODH ilieleza habari za mamia ya wagonjwa waliozuiliwa katika hospitali za Burundi kwa sababu ya deni, wakiwamo akina mama na watoto wao wachanga. Mwaka huo huo, tarehe 1 Mei, siku yetu wafanyakazi, Rais Nkurunziza alitangaza kwamba watoto walio chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua watatibiwa bila malipo. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini wodi zilijaa, na mikono ya wauguzi haikuongezeka siku ile. Tena tangazo likisomwa redioni si lazima limfikie mama aliyekimbia vita, wala kibarua wa shamba la mchikichi Rumonge. Mpaka leo tunakutana na baba aliyekaa na mtoto siku tatu nyumbani kwa kuogopa deni. Anayemwambia ukweli wake, huyu bado hajatimiza miaka mitano, huyu amekwisha timiza, hii utalipa, hii usilipe, ni muuguzi. Akimwambia kwa lugha asiyoijua, baba anasikia neno moja tu: faranga.

TUNADAI NINI

Tunajua mtasema nini, maana mlishasema katika mkutano. Mmesema: wauguzi hawa hawa mnaowasifu wanatukaripia, wanatuacha kwenye benchi, wanawafokea wake zetu. Ni kweli, na hatuji hapa kuwatakasa. Anayemfokea mama mwenye mtoto mahututi amekosa, na sendika yake imwambie hivyo. Lakini tumekaa na wauguzi wa zamu ya usiku. Muuguzi mmoja, wodi imejaa, watoto wawili katika kitanda kimoja, na kila mzazi ana swali. Mashine ikikimbizwa bila mafuta hupiga kelele. Sisi wa viwandani tunaijua kelele hiyo, na hatumlaumu fundi aliyekosa mafuta.

Kwanza tunataka kuzungumza lugha ya mzazi kuhesabiwe kuwa kazi. Mkataba Namba 149 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa Geneva mwaka 1977 juu ya wafanyakazi wa uuguzi, unasema wauguzi washirikishwe katika kupanga huduma na washauriwe katika maamuzi yanayowahusu. Basi waulizwe wao: katika zamu hii nani anajua Kiswahili, nani Kifaransa tu, na zamu zipangwe kwa kujua hivyo, kusiwe na usiku ambao wodi ya watoto ya mjini Bujumbura haina hata mtu mmoja wa kumsikia mama wa Buyenzi. Anayefanya kazi hiyo afundishwe na alipwe nyongeza yake. Wenye hospitali watasema fedha hakuna. Watuonyeshe basi hesabu ya mtoto anayerudishwa wodini baada ya siku nne kwa sababu alipewa dawa vibaya. Hiyo nayo ina gharama, tena inalipwa mara mbili.

Pili, nasi tuna wajibu wetu kazini. Mkataba wa pamoja ukifika wakati wa kujadiliwa, delege waweke mezani ruhusa ya mzazi mwenye mtoto mgonjwa bila kukatwa siku, kwa cheti cha kituo cha afya. Baba anayejua kwamba atakatwa siku yake haketi kusikiliza maelezo ya dawa. Ananyakua karatasi na kukimbia. Nasi tumezoea kusema kumpeleka mtoto ni kazi ya mama. Hapo tunajidanganya, kwa maana mara nyingi baba ndiye aliyejifunza lugha ya pili kazini, na angefaa kuwapo.

Tatu, ninyi wazazi. Mtumie haki ya kuuliza. Mwambieni muuguzi bila haya: "Dada, mimi nasikia Kiswahili zaidi, nieleze polepole." Mrudishieni maneno yake: "Umesema kimoja asubuhi na kimoja jioni, siku tatu, ndivyo?" Mwombeni achore jua na mwezi kwenye boksi la dawa kama hamsomi, wapo wanaofanya hivyo siku zote na hawachukii kuombwa. Mwende na chombo chenu cha nyumbani, kijiko na chupa, awaonyeshe kwa hicho hicho. Na mtoto mdogo asifanywe mkalimani wa habari za kifo.

Wale wa mashamba ya chai, ambao zahanati ya karibu ina muuguzi mmoja, msingoje Bujumbura. Kaeni naye jioni moja, mwandike pamoja karatasi moja ya maneno ya wagonjwa: kwa mkono mmoja jinsi watu wanavyosema, kwa mkono wa pili jinsi fishi inavyosema. Degedege. Kuhara damu. Mtoto hanyonyi. Anatapika kila kitu. Amelegea, haamki. Anapumua mbiombio. Maneno kama thelathini yatatosha kuanzia. Karatasi hiyo ibandikwe mlangoni pa zahanati na mlangoni pa ofisi ya kampuni, kwa Kirundi na Kiswahili, kwa herufi kubwa, na isipandishwe juu sana, mama mwenye mtoto mgongoni aweze kuisoma bila kuinua shingo.